Barua ya wazi kwa wakuu wa kanisa letu: Mjumbe alirudi na mfuko wa bluu

Kwa Baba Moderata (mwenyekiti wa Mkutano Mkuu), Katibu Mkuu, na Kamati ya Maandalizi ya Mkutano Mkuu wa kanisa letu la Kipresbiteri.

Bwana asifiwe. Shikamooni walionizidi umri, ingawa nikiikumbuka meza kuu ya safari hii sidhani kama mlikuwapo zaidi ya wawili.

Naandika kutoka Tanga. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa Ngamiani, ule ambao katika orodha yenu ya wajumbe jina lake liliandikwa mara mbili, na mara zote mbili kwa makosa, tena makosa tofauti. Hilo halinisumbui. Nimekuwa karani miaka ishirini na sita katika shamba la mkonge, najua majina yanavyoteleza mkono ukichoka. Barua ya kwanza juu ya Mkutano Mkuu uliopita niliiandika ya faragha, nikaipitisha kwa mchungaji wetu kama utaratibu unavyotaka, nikasubiri. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Ndipo wazee wenzangu wakaniambia, mzee, iandike ya pili iwe ya wazi, kila mtu aisome, maana ya kwanza huenda imewekewa kikombe cha chai juu.

Basi nawaeleza safari yangu ilivyokuwa, kisha niseme ninachotaka.

Nilichaguliwa kwa kura za karatasi. Baraza letu la wazee lina watu saba, nikapata kura nne. Mweka hazina akasema wazi kwamba nauli haipo, mfuko wa usharika umetengeneza bati la upande wa magharibi na umebaki na salio la aibu. Tukafungua daftari la shule, tukapitisha baada ya ibada. Ninalo hapa mbele yangu. Ukurasa wa kwanza: mama anayekaanga mihogo karibu na soko, 2,000. Vijana wa kwaya walikamua juisi ya ukwaju wakaiuza Jumapili mbili, 21,000. Mtu mmoja ambaye hakutaka jina lake liandikwe, 10,000, nasi sote tunamjua. Fundi baiskeli, 3,000, na pembeni mwa jina lake nimeandika kwa kalamu nyekundu: "ana swali".

Swali lake aliliandika mwenyewe nyuma ya kipande cha boksi la mnyororo wa baiskeli, kwa maandishi makubwa yenye alama ya kidole cha grisi. Anauliza mjane wa mwinjilisti aliyetutumikia miaka kumi na tisa anapata nini kutoka Makao Makuu. Akaniambia, "Mzee, hizi elfu tatu si za nauli. Ni za kulifikisha hili." Nikakikunja kile kipande nikakitia katika Biblia, kwenye Matendo ya Mitume. Nitawaeleza baadaye kwa nini nilirudi nacho bila jibu.

Nikapanda basi Kange alfajiri. Muheza tukaletewa machungwa dirishani, Segera tukashuka kunyoosha miguu pale njia zinapoachana, ya Moshi huku na ya Dar es Salaam kule. Ninayataja haya kwa sababu nilikuwa na furaha. Mtu wa umri wangu hatumwi mara nyingi. Niliwaza kwamba kuna watu wazima sabini na kidogo nyuma yangu, walionichangia mia tano mia tano, na kwamba nikiingia ule ukumbi ninaingia nao.

Kufika, nikapewa mfuko wa bluu wenye nembo, kalamu, chupa ya maji, na kabrasha. Kurasa 136. Ndiyo mara ya kwanza mimi kuliona, na si mimi peke yangu: wajumbe wote niliolala nao chumba kimoja walilionea mapokezini, saa kumi na mbili jioni, kwa mkutano uliotakiwa kuanza saa mbili asubuhi ya kesho yake. Ripoti ya fedha ilikuwa na kichwa cha habari cha Kiswahili, na chini yake kurasa kumi na nne za Kiingereza. Taa za bweni zilizimwa saa nne usiku. Nikasoma kwa tochi ya simu mpaka saa nane, nikafika ukurasa wa 31, chaji ikaisha.

Hapa niseme neno dogo juu ya bweni, kisha nilipite. Wazee tulilala mabwenini kwenye magodoro ya wanafunzi, wachungaji walilala nyumba ya wageni. Sina tatizo na godoro. Lakini jina la kanisa letu limetoka katika neno la Kigiriki presbuteros, na maana yake ni mzee. Mkutano Mkuu wa kwanza wa kanisa la Uskoti, Wapresbiteri wenzetu, Desemba 1560, walikutana watu wapatao arobaini, na wachungaji miongoni mwao walikuwa sita tu. Sita. Waliobaki walikuwa watu kama sisi wa bwenini. Yatosha.

Asubuhi tulikaa saa mbili kamili, kikao kikaanza saa tano kasoro robo, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa njiani. Mwenzangu wa kulia, mzee kutoka bara aliyevaa koti la sufu katika joto lile, alisinzia mara tatu. Nami nikawa nawaza jambo nililolisoma zamani juu ya Edinburgh, huko Uskoti. Kule Mfalme hutuma mwakilishi wake katika Mkutano Mkuu wa kanisa kila mwaka mwezi Mei, kwa heshima zote na gwaride lake. Lakini huketishwa juu, kwenye roshani, nje ya eneo la wajumbe. Hana kura wala hachangii mjadala. Waskoti walipigana sana na wafalme wao juu ya nani mkuu wa Kanisa, hata ule mpango wa viti ukawa na maana. Sisi mgeni wetu alikaa katikati ya meza kuu, akahutubia saa nzima na dakika kumi juu ya mambo ya wilaya, akaondoka na nusu ya siku ya kwanza. Aliyemwalika anajua kwa nini alimwalika. Mimi nasema nusu siku ile ndiyo iliyoliwa baadaye kwenye ajenda, na nitaonyesha ililiwa wapi.

Siku ya tatu, saa moja na nusu usiku. Harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Tukafika ukurasa wa 97, hoja ya kupandisha mgawo wa sadaka unaokwenda Makao Makuu kutoka asilimia 10 hadi asilimia 15. Wakasimama wachangiaji watatu, wote wachungaji, wote wa viti vya mbele ambako kipaza sauti kilifika bila shida. Huku nyuma tuliinua mikono. Kijana wa kipaza sauti alitutazama kwa huruma, akatazama meza kuu, akabaki alipo. Kisha: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukasema ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Zikasikika sauti chache upande wa kushoto. "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Kengele.

Nami nilisema ndiyo. Nataka ijulikane, nisije nikaonekana ninawarushia wengine mawe. Nilisema ndiyo kwa sababu watu wa mstari wangu walisema ndiyo, kwa sababu ya njaa, na kwa sababu nilikuwa sijafika ukurasa wa 97.

Katika shamba la mkonge mkata mkonge huhesabiwa matita yake mbele ya macho yake. Ukimwandikia hesabu hajaona, hata kama umemzidishia, anakataa. Atasimama na panga lake hapo mpaka uhesabu tena, moja, mbili, tatu, yeye akitikisa kichwa kwa kila tita. Wakati mwingine jua linatua. Nilikuwa naona ni usumbufu, nikiwa kijana. Usiku ule niliwakumbuka sana wale watu. Kanisa zima limepandishiwa mgawo kwa nusu ya ule wa zamani, na hakuna aliyehesabu hata mkono mmoja.

Likabaki "Mengineyo". Mimi nilikuwa nimeshakitoa kipande cha boksi kwenye Biblia, nimekishika mkononi, nimejipanga kimoyomoyo: Mheshimiwa Moderata, naomba kuuliza kwa niaba ya usharika wangu. Katibu akatangaza kwamba kutokana na muda, Mengineyo yanafutwa, wenye hoja wamwone ofisini. Ofisini nilikwenda kesho yake asubuhi saa moja. Palikuwa na kufuli. Basi letu liliondoka saa mbili.

Ndivyo nilivyorudi Tanga. Mfuko wa bluu, kalamu, kabrasha, na swali la fundi katika Matendo ya Mitume.

Mnajua mji wetu unavyosemwa, waja leo waondoka leo. Wageni huja na kuondoka, lakini sisi wa hapa tuko barazani na tunaulizana habari. Jioni ya pili nilikwenda kwenye kijiwe changu cha kahawa, pale ninapokaa na majirani, wengi wao Waislamu, watu tuliosoma pamoja na kuzikana pamoja. Walijua nilikuwa safarini, na mmoja wao, sina haja ya kumtaja, alinichangia kimya kimya, yumo kwenye daftari. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake, akanimiminia, akanipa na kipande cha kashata. Yule rafiki akauliza, "Haya, mzee wa kanisa, mmeamua nini huko?" Nikaanza. Nikasema, palikuwa na wajumbe wengi, mahubiri mazuri, mgeni rasmi. Akanisikiliza mpaka nikanyamaza mwenyewe. Kisha akasema, bila ubaya, "Kumbe ulikwenda harusini."

Wakacheka, nikacheka nao. Sikulala vizuri.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Nilipewa dakika kumi baada ya matangazo. Nilipofika kwenye mgawo, mama muuza mihogo akanyoosha mkono kanisani. Kwetu si kawaida watu kuuliza wakati huo, lakini baraza lilimruhusu. Akauliza, "Hiyo tano iliyoongezeka, ikitoka kwetu inakwenda kufanya nini?" Swali hili nimelirudia kichwani labda mara mia. Halina jeuri ndani yake. Ni swali la mtu anayejua bei ya mafuta ya kukaangia. Na mimi, niliyesema ndiyo kwa niaba yake, sikuwa na jibu. Nikasema nitaulizia. Fundi baiskeli alikuwa amekaa mstari wa nyuma, hakuuliza kitu. Alinitazama tu, akajua.

Sasa, mtanisamehe, nataka niingie kwenye neno lenyewe, maana ndilo limenifanya niandike.

Kiswahili chetu kinamwita mtu huyu "mjumbe". Neno moja kwa mambo mawili. Mjumbe ni yule anayechukua ujumbe wa watu na kuupeleka, ndiye ambaye wahenga walisema hauawi. Na mjumbe ni yule anayekaa kikaoni na kuamua. Waliobobea katika utaratibu wa Kipresbiteri watanisahihisha haraka, na watakuwa na haki: mzee anayekwenda Mkutano Mkuu hakutumwa kama bahasha. Kitabu cha utaratibu cha Wapresbiteri wa Marekani kinalieleza hili kinagaubaga, kwamba wazee na wachungaji kikaoni hawakai kurudia tu matakwa ya waliowachagua, bali kutafuta pamoja mapenzi ya Kristo. Kwa hiyo usharika hauwezi kunifunga mikono uniambie, usiseme ndiyo hata ukishawishika. Naliafiki hilo kwa moyo wote. Mtu asiyeweza kubadili nia kikaoni afadhali angetumwa na posta.

Lakini tazameni. Ili nibadili nia yangu kikaoni lazima niwe nimekwenda na nia. Ili nitafute pamoja na wenzangu lazima tuwe tumepewa kitu cha kutafutia, na muda. Aliyepewa kurasa 136 usiku akaulizwa kesho hajaachwa huru. Ameachwa gizani, na mtu wa gizani humfuata wa mbele yake. Kwa hiyo mimi sikuwa mjumbe kwa maana ya pili. Na kwa maana ya kwanza pia sikuwa, kwa sababu la kwetu halikufika kwenu na la kwenu sikuweza kulieleza kwetu. Nilikuwa nini, basi? Rafiki yangu wa kahawa ameshajibu.

Mtasema kanisa likikaa linaulizana kila kijiji halitaamua kitu. Waskoti waliwahi kulifikiria jambo hili. Mwaka 1697 Mkutano Mkuu wao ulipitisha sheria wanayoiita ya kizuizi, na ilikuwa kizuizi cha Mkutano Mkuu kujizuia wenyewe. Badiliko kubwa linalogusa kanisa zima, liwe la mafundisho, la ibada, la nidhamu au la uongozi, haliwi sheria ya kudumu kwa sababu tu ukumbi umelipenda. Hupelekwa kwanza chini, presbiteri moja moja, yaani mabaraza ya sharika za eneo moja, zikae, zijadili, zirudishe majibu, na wingi wa presbiteri ukilikubali ndipo mkutano unaofuata unaweza kulipitisha. Wale watu walishajua kwamba ukumbi una joto lake. Watu elfu wakikaa pamoja, nyimbo zikaimbwa, machozi yakatoka, kila kitu kinaonekana chepesi.

Wamarekani nao wanafanya hivyo hata leo. Mnakumbuka Ungamo la Belhar, tamko la imani lililozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na ndugu zetu waliokuwa wanakataa kanisa kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani uliliafiki mwaka 2010. Likapelekwa kwenye presbiteri zao, na kwa maungamo sharti ni theluthi mbili. Mwaka 2011 ikaonekana hazikutimia. Basi likakwama, ingawa Mkutano Mkuu wenyewe ulikuwa umelikubali. Hawakusema "nadhani waliosema ndiyo wameshinda". Walirudi kufundisha, wakalileta tena 2014, likateremka tena, na 2016 likaingia rasmi katika kitabu chao cha maungamo. Miaka sita. Sidhani kama kuna mtu kule leo anayeuliza Belhar ilitoka wapi, wakati kwetu miezi minane imepita na mama wa mihogo bado anauliza tano inakwenda wapi.

Wala msidhani mimi napinga mgawo. Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri. Mpresbiteri mwenzetu wa Kenya, mchungaji John Gatu, mwaka 1971 aliwashangaza wazungu aliposema umefika wakati wamisionari na fedha za ng'ambo wasimame kidogo, makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Nilimwelewa nilipolisikia hilo nikiwa kijana, na ninamwelewa zaidi sasa. Ukitaka kusimama kwa miguu yako lazima ulipe. Kama hiyo asilimia tano inakwenda kwenye chuo cha wachungaji, au kwenye mfuko wa wajane wa wainjilisti (ah!), mngeniambia tu, ningesimama Ngamiani nikawaeleza watu, na nawajua watu wangu, wangetoa asilimia kumi na sita ili kubishana na Makao Makuu. Ningesema ndiyo, nikiwa nimeshiba na nimesoma. Mmejinyima ndiyo nzuri mkapata ndiyo ya njaa.

Ninachoomba kwa hiyo ni haya, na nayaandika kama karani.

Kabrasha lije siku sitini kabla, kwa Kiswahili, lote, pamoja na ripoti ya fedha. Kanisa linaloomba kwa Kiswahili, linalozika kwa Kiswahili, linalokusanya sadaka kwa Kiswahili, haliwezi kuhesabu kwa Kiingereza. Mkisema gharama ya kuchapa, msichape. Kila katibu wa usharika ana simu na yumo kwenye kundi la WhatsApp ambalo mnalitumia vizuri sana wakati wa kukumbusha michango. Tumeni humo. Sisi tutachapa nakala moja hapa mjini, tutaibandika mlangoni, na wazee wenye miwani watawasomea wasio nayo. Hapo nitakuja mkutanoni nikiwa nimeshaulizwa maswali yote magumu, na ninyi mtapata mjumbe, badala ya mtu wa kujaza kiti.

La pili, hoja zinazogusa mfuko wa kila usharika, au mafundisho, au namna tunavyowachagua ninyi wenyewe, zishuke kwanza kwa presbiteri na mabaraza ya wazee, zirudi na majibu yaliyoandikwa, ndipo ziamuliwe. Si lazima tuige Uskoti neno kwa neno. Lakini kura ya jambo kama hilo ihesabiwe. Inueni mikono, wekeni watu wanne wa kuhesabu, namba isomwe na iandikwe. Itachukua dakika kumi na tano. Mgeni rasmi akikaa roshani tutazipata.

Na kipaza sauti kifike nyuma. Sitaki hata kulieleza hili.

La mwisho limetoka katika ukurasa ule nilipohifadhi swali la fundi. Matendo ya Mitume, sura ya 15. Mkutano wa Yerusalemu, ambao walimu wetu walitufundisha kwamba ndio mfano wetu Wapresbiteri. Antiokia waliwatuma Paulo na Barnaba na wengine kadhaa, wakaenda kwa mitume na wazee, mjadala ukawa mkali, kila upande ukasikilizwa. Halafu, kabla watu hawajatawanyika, wakaandika barua. Ihesabuni aya zake, ni saba. Wakaiweka mikononi mwa watu, wakashuka nayo Antiokia, wakakusanya kanisa lote, ikasomwa mbele yao. Nilipoisoma ndani ya basi tukirudi, mahali fulani kabla ya Segera, nilifunga Biblia nikaangalia nje. Sisi tuna kompyuta, tuna mashine ya kuchapa, tuna kamati ya habari yenye fulana zake, na miezi minane baadaye usharika wetu haujapata hata muhtasari.

Naomba barua ya aya saba. Muiandike siku ya mwisho, kabla ya sala ya kufunga, kila mjumbe apewe nakala yenye sahihi ya Moderata: tumeamua hili kwa sababu hii, kura zilikuwa kadhaa kwa kadhaa, hili tumeliahirisha, fedha hizi zitafanya kazi hii. Niisome Jumapili inayofuata, niikabidhi kwa mama wa mihogo aishike mwenyewe.

Mtanisamehe kama kuna mahali kalamu imekwenda mbali. Katika mkutano wote ule niliwaona watu wengi waliochoka kwa kazi. Katibu alikuwa na macho mekundu tangu siku ya kwanza, na najua kulisha mamia ya watu siku nne si mchezo, pilau lilikuwa zuri. Sijaandika ili mtu aondolewe kitini. Nimeandika kwa sababu wazee wenzangu wameshaniambia nikitaka naweza kwenda tena mkutano ujao, na fundi baiskeli amekataa kuchanga mpaka ajibiwe. Wengine wanamfuata. Daftari liko kwangu, ukurasa mpya umeshapigwa mistari, na mpaka leo una jina moja tu, la yule asiyetaka jina lake liandikwe.

Swali la fundi nalirudia hapa, kwa kuwa Mengineyo yalifutwa: mjane wa mwinjilisti aliyetumikia miaka kumi na tisa, anapata nini kutoka Makao Makuu? Jibu litumwe kwa baraza la wazee, si kwangu. Nitalibandika mlangoni.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Ngamiani, Tanga